Siku za Ng'ombe, Siku za Mtu

Tulipokwisha kumzika Masanja kule Nyahanga, mwezi uliopita, binti yake mkubwa alinivuta nyuma ya jiko akanipa daftari lililofungwa kwa kipande cha kanga kuukuu. "Baba alisema hili ni la Babu Hamisi," akasema. "Alisema wewe ndiye uliyelijaza uongo." Wanawake wawili waliokuwa wakipeta mchele waligeuka kunitazama, na mimi, niliyekuwa nimelia tangu alfajiri mpaka macho yamevimba kama maandazi, nikaangua kicheko palepale msibani. Mtu akifa na bado akakutania, ujue hajafika mbali. Nikaketi juu ya kinu kilichopinduliwa, nikafungua kurasa zilizonuka moshi na panya, na mara nikauona mwandiko wangu wa shule ya jioni, herufi zimelala upande mmoja kama mtama uliopigwa na upepo: Njia ya kwenda Misri kwa miguu. Kambi ya kwanza. Mama mmoja akaniuliza kama najisikia vibaya. Nikamwambia la, mama, natembea.

Ya wazazi wangu nitayaacha. Walikuwa watu wema wa Shinyanga mjini na hawana kosa lolote katika haya. Nianzie chumbani. Kambi ya mgodi wa dhahabu pale Geita, upande wa Kalangalala, ilikuwa safu za vyumba vya bati, na katika chumba chetu, mimi na Masanja, joto la saa nane mchana lilitosha kuivisha yai. Yai nililiona mwenyewe likiiva juu ya sanduku, na kama Masanja angekuwa hai angewaambia mtoe nusu, maana liliiva upande mmoja tu. Huo ndio uliokuwa msemo wake kwangu. Nikisema nimeua nyoka wa futi kumi na mbili, yeye, bila kuinua macho kutoka kwenye kiatu anachoshona: "Toa nusu, Hamisi." Nikisema karani wa kizungu ameniita akanipa mkono, "Toa nusu," na ni kweli, aliniita. Masanja alikuwa akisukuma vigari vya mawe chini ya ardhi, mtu wa maneno machache na mabega mapana. Mimi nilikuwa stoo, nikigawa taa na sururu, na jioni baada ya kengele nilikuwa mwanafunzi katika ukumbi wa chakula, kwenye benchi zilizonuka maharage, ambako mwalimu wetu alitufundisha jiografia kwa fimbo. Nilimaliza nikiwa wa kwanza darasani. Tulikuwa wanne.

Miaka kumi na tisa, cheti mkononi, na miguu ambayo haikutaka kukaa. Leo nikitazama nyuma naona kwamba mwaka ule sikulala hata usiku mmoja nikiwa nimenyoosha mwili; niliota natembea, nikaamka nimechoka. Kwa hiyo Masanja aliponieleza jambo lake, jioni moja ya mwezi wa kwanza, tumeketi kizingitini tunakula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, mimi niliruka kabla hajamaliza. Baba yake, Luhende, alikwenda vitani Habeshi wakati Masanja hajaota hata meno ya pili. Vita vikaisha, wenzake wakarudi na makoti yao, yeye hakurudi. Serikali ilileta karatasi ikisema hajulikani alipo. Halafu akapita askari mmoja akiwa safarini, akala, akashiba, akasema huko Habeshi alimwona Luhende na mwanamke wa huko, anamletea maziwa. Tangu hapo nyumba ile haikuwa na amani. Ndugu yake Luhende, ambaye Masanja alimwita Baba Mdogo, alitaka matanga yafanyike, mwenye mji ahesabiwe marehemu, kisha yeye amrithi mjane kama ilivyo desturi. Mama yake Masanja akakataa kunyoa nywele. Kwao mke hanyoi mpaka mume awe amekufa kweli, na yeye alisema wazi mbele ya wazee: "Karatasi haina macho. Nileteeni mtu aliyemfukia, au nileteeni yeye mwenyewe na huyo mwanamke wake, nitampikia." Nywele zake zilikuwa na umri wa miaka zaidi ya kumi. Sasa Baba Mdogo alikuwa amechoka kungoja, akaapa kwamba matanga yatakuwa mwaka huohuo mavuno yakiingia ndani, anyoe asinyoe.

"Nakwenda kumtafuta," Masanja akasema.

"Tunakwenda," nikasema mimi. "Kwa miguu."

"Kwa nini kwa miguu?"

"Una gari?"

Akacheka, halafu akanishika mkono na akaufinya. Akataka nimwapie kwamba jina la baba yake halitatoka kinywani mwangu. Aibu ilikuwa imemkaba: ikiwa mzee ametelekeza nyumba kwa ajili ya mwanamke wa ugenini, kambi nzima isipate kisa cha kucheka wakati wa kula. Nikaapa kwa Mungu na kwa cheti changu. Na hapo, ndugu msomaji, ndipo nilipofanya kosa la mwaka ule, tena kwa furaha kubwa. Kwa kuwa sababu ya kweli ilikuwa siri, nilihitaji sababu nyingine, na mimi sijawahi kununua kitu kidogo pale ambapo kikubwa kipo. Kesho yake asubuhi nilitangaza stoo kwamba mimi na Masanja tunakwenda Misri, kwa miguu, kusoma chuo kikuu. Kufikia mchana habari ilikuwa imeshuka hadi chini ya ardhi. Kufikia jioni ilirudi kwangu imenenepa: tumeitwa na mfalme.

Sijui leo vijana wanasafirije. Mjukuu wangu alikwenda China na pasipoti ndogo kama sabuni. Sisi tulikusanya karatasi kama mtu anavyokusanya kuni za arusi. Stakabadhi ya kodi, ya mwaka ule na wa nyuma yake. Barua ya mwanangwa, mkuu wa kijiji, ambaye hakuweza kuandika, kwa hiyo niliiandika mimi nikajisifu kiasi, yeye akaweka dole gumba. Barua ya mtemi, ambayo haipatikani bila ya mwanangwa. Cheti cha ndui, mkono ukavimba wiki mbili. Cheti cha homa ya manjano, mkono wa pili. Ruhusa ya mgodi, kwa sababu mwenye mkataba haondoki kama mbuzi aliyekata kamba. Na picha. Tulipanda lori hadi Mwanza kwa mpiga picha mmoja wa Kihindi aliyekuwa na koti moja la kukodisha, kubwa, jeusi, lenye kifungo kimoja. Nikalivaa mimi, nikapigwa. Akalivaa Masanja, akapigwa. Picha zilipotoka, kila aliyeziona bomani aliuliza kama sisi ni ndugu. "Ni koti," Masanja alikuwa akijibu.

Karani wa boma, kijana mpole mwenye kalamu mbili mfukoni, alinyoosha fomu juu ya meza. "Mnakwenda wapi?"

Masanja akanitazama. Nikasema Misri.

"Kufanya nini?"

"Elimu."

"Kwa ndege au kwa meli?"

"Kwa hizi," nikamwonyesha viatu vyangu.

Akaweka kalamu chini. Alitueleza kwa utaratibu, kama anamweleza mgonjwa. Pasipoti kwanza. Halafu viza ya Sudan, maana njia ya Misri inapita Sudan. Sisi tulikuwa tunataka Habeshi, lakini ningemwambiaje, nikiwa nimekwisha kusema Misri? Nikauliza kwa ujanja, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokitaka, na je, kama mtu angependa kupitia Habeshi kutazama milima? Akasema viza ya Habeshi, kwa anavyojua yeye, huombwa Nairobi. Na Nairobi? Nairobi kulikuwa na hali ya hatari, Kenya nzima moto, hapiti mtu bila kibali maalumu, na kibali hicho angepewa mtu mwenye shughuli inayojulikana, kwa mfano mwenye viza. "Kwa hiyo," Masanja akasema polepole, na alikuwa hajasema neno tangu tuingie, "nikitaka kuingia mlangoni lazima kwanza niwe ndani." Karani akacheka akatusukumia chai yake tunywe. Lakini fomu zilikuwa zimeshaandikwa kwa wino: Misri. Pasipoti zilipotoka, uongo wangu ulikuwa umepigwa muhuri.

Basi tukaamua njia ya kuzunguka: Uganda, Karamoja, nchi ya Waturkana, kisha tujipenyeze Habeshi kwa mlango wa uani, viza tutaipata mbele kwa mbele. Ramani niliichora mwenyewe juu ya mifuko ya saruji niliyoipasua na kuiunga kwa uji wa muhogo, ikafunika ukuta mzima. Ilikuwa kubwa kuliko nchi yenyewe. Mende waliupenda ule uji. Kufikia mwezi wa nne walikuwa wamekula Uganda yote na wanaanza Sudan, na kila asubuhi nilitangulia kuwafukuza mpakani kwa kiatu. Ila ramani bila siku si kitu, na siku tuliuliza kwa watu. Mgodi ule ulikuwa na wanaume waliotoka kila pembe ya Tanganyika, na wengi walikuwa wamevaa sare. Hodari wa wote alikuwa Mzee Ng'wandu, mlinzi wa ghala la baruti, Msukuma wa Shinyanga vijijini, mrefu kama nguzo ya simu, ambaye wakati wa vita alikuwa nyuma ya jeshi kaskazini kabisa ya Kenya hadi ndani ya Habeshi. Aliijua njia kwa vidole. Nilikaa naye jioni nyingi, yeye akifumba macho na kuhesabu: "Kutoka mto huu mpaka kisima kile, siku sita. Hapo maji ni machungu, usinywe sana. Kutoka hapo mpaka mlima wenye mti mmoja, siku tisa." Na mimi naandika. Za huku kwetu nilipewa na wengine, Wasukuma wenzake, nao walihesabu vilevile, kutoka maji hadi maji. Nilipojumlisha, kwenda tu, bila kurudi, nilipata siku mia mbili na kumi na tatu. Nikarudia. Mia mbili na kumi na tatu. Mara ile sikuwa nimeongeza hata moja.

"Toa nusu," Masanja akasema.

"Safari hii haitoki."

Alikaa kitandani akaitazama ramani mpaka giza likaingia. Mavuno yalikuwa miezi mitatu mbele. Hata kama tungeondoka asubuhi ile, matanga yangetukuta Karamoja. Kuanzia hapo kile chumba hakikukalika. Masanja akitoka kazini haogi. Anatembea, kutoka mlangoni hadi ukutani, hatua tano, anageuka, hatua tano, kama simba wa maonyesho, na mimi, badala ya kumtuliza, nikatembea naye, tukapishana katikati. Jirani wetu aligonga bati: "Nyie mabwana, mmeshafika Misri?" Tulichukiana kidogo siku zile. Alinilaumu kwamba ninaifurahia safari kuliko ninavyoitaka, na neno hilo lilinichoma kwa sababu nilikuwa nimekaa jioni nzima nikipamba dira kwa wino mwekundu. Halafu ikaja barua kutoka Nyahanga, imeandikwa na katekista, maneno ya Baba Mdogo: mtama umeiva vizuri, pombe itaanza kuloweshwa, Masanja aje kwa matanga ya baba yake kama mtoto mwenye adabu. Chini kabisa, mwandiko uleule, lakini si maneno yake: "Mama yako anauliza umefika wapi."

Sasa niwaeleze habari ya jiko. Mpishi wetu alikuwa Mzee Feruzi, Mmanyema wa Ujiji, Mwislamu mwenzangu, mfupi, mweupe wa nywele, mguu mmoja unaburuta, mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko cha mwalimu wetu. Alitugawia ugali na maharage mara mbili kwa siku mwaka mzima, na hakuna aliyemwuliza kitu zaidi ya kuongezewa mchuzi. Yeye naye hakuyajua majina yetu. Alitujua kwa sahani, kila mtu na namba yake imekwaruzwa kwa msumari, Masanja alikuwa Arobaini na Moja. Siku moja, mchana, Masanja yuko chini ya ardhi, nilikwenda jikoni na daftari langu kuomba uji wa kuigundisha Sudan upya. Nikaliweka juu ya meza. Mzee Feruzi akafuta mikono, akaniambia, "Hebu nisomee hizo hirizi zenu za Misri, nicheke kabla sijakatakata vitunguu, machozi yatoke kwa mpango mmoja." Nikamsomea kwa madaha. Nilipofika mwisho, kutoka kisima fulani hadi Mega, kule Habeshi, siku kumi na nne, akaniinulia mwiko.

"Nani kakwambia kumi na nne?"

"Mzee Ng'wandu. Alikuwa huko vitani."

"Huko vitani mkononi alikuwa na nini? Bunduki?"

Nikafikiri. "Fimbo."

"Na mbele yake?"

Nikaligeuza daftari, kana kwamba jibu liko upande wa pili.

"Ng'ombe, mwanangu!" Akapiga meza kwa mwiko, akacheka mpaka mguu mbovu ukatikisika. "Jeshi lilikula nyama, na nyama ilitembea nyuma yetu na Wasukuma, nani mwingine angeaminiwa nayo? Mbele ya Msukuma kuna ng'ombe, hata akiota. Hizi zote ni siku za ng'ombe! Asubuhi anakwenda, mchana anachungwa, anangojwa alale acheue. Mtu hacheui!"

Nilisimama pale nikiwa na cheti changu cha kwanza kati ya wanne. Masanja hakuliona hilo kwa sababu yeye naye alizaliwa nyuma ya mkia wa ng'ombe. Kwake siku ilikuwa siku. Mimi mtoto wa mjini sikuliona kwa sababu niliipenda namba kubwa. Mzee Feruzi alikuwa ameshavuta daftari kwake. Hakujua kusoma, lakini aliuliza kila mstari ni wapi, akaupunguza. "Hapa gawa kwa tatu. Hapa mbili, milima. Hapa nne, jangwa, ng'ombe walikuwa wanakonda." Kisha akaweka kidole chenye unga juu ya ule mstari wa Mega. "Hapa mimi nimepita na sufuria kichwani kwa siku nne. Zingekuwa tatu, lakini siku moja tulisimama. Nilizika mtu wa huku kwenu. Homa. Wenzake walikuwa wametangulia na malori, akaachwa na sisi wa jikoni. Wa Nyahanga, aliitwa Luhende."

Jina hilo sikuwahi kulitamka mbele ya mtu. Naapa, na hili msitoe nusu.

"Mbona hukusema, mzee?" Sauti yangu ilitoka kama ya mtoto.

"Nani aliniuliza?" akasema. "Miezi yote hii nyie mnakwenda Misri."

Nilikaa na habari ile siku nne. Sijajisamehe kwa siku hizo nne. Nilijiambia natafuta maneno, lakini ukweli ni kwamba daftari likishafika kwenye mstari ule safari imekwisha, na mimi nilikuwa bado sijaondoka. Nikaendelea kupunguza siku, kambi baada ya kambi, kwa kalamu nyekundu, huku Masanja akitembea hatua zake tano. Siku ya tano akaniona sili. Kutokula kwangu kulikuwa jambo la kutisha kuliko ugonjwa. Akakaa mbele yangu. Nikamwambia yote, bila mapambo, kisima, homa, mpishi. Akanisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, halafu akasema kwa upole, kama mtu anayeomba maji:

"Toa nusu, Hamisi."

Akainua macho. "Toa nusu, ndugu yangu. Wewe huwa unaongeza." Nikatikisa kichwa. Nikaona jinsi maneno yangu ya miaka yote, nyoka wangu na wafalme wangu, yalivyokuwa yamekula kile kidogo cha kweli nilichotaka kumpa siku ile, kama mende walivyokula Uganda. Nikamshika mkono nikampeleka jikoni, nikamwambia Mzee Feruzi, "Huyu Arobaini na Moja ni mtoto wa Luhende." Mwiko ukamwanguka mzee. Alimtazama Masanja usoni kwa muda mrefu, kisha akamvulia kofia, mzee kwa kijana. Nikatoka nje nikawaacha.

Mama wa Nyahanga alikuwa amesema, karatasi haina macho. Kwa hiyo aliyemfukia ilibidi aende. Mzee Feruzi aligoma siku mbili. Alisema mguu. Kisha akasema kazi. Siku ya tatu akaniambia ukweli, akimenya muhogo, hanitazami: "Nilimfunga gunia la mchele, Hamisi. Sanda haikuwapo. Nikamwambie mke wake gunia?" Masanja aliyekuwa mlangoni akasema, "Mwambie gunia, baba. Ataliona. Karatasi ya serikali haikuwa na hata gunia." Mzee akaweka kisu chini akaenda kutafuta viatu.

Na ndivyo mimi na Masanja tulivyotoka Geita kwa miguu, na karatasi zetu zote kifuani, tukavuka hiyo safari kubwa ya dunia kwa siku saba, kutoka Geita mpaka Runzewe mpaka Nyahanga. Lori la kwanza lingetuchukua, lakini mwezi ule magari yalizuiwa kwa sababu ya malale, na Masanja hakutaka kungoja. Tulimwekea Mzee Feruzi michembe mfukoni, akaitafuna akilalamika njia nzima: "Hiki ni chakula au kuni?" Msituni kabla ya Runzewe palikuwa na kizuizi cha mbung'o, banda la miti ambamo kila apitaye hukaguliwa na kupanguswa kwa nyavu. Mzee alikuwa amevaa koti la buluu, na mbung'o hupenda buluu kama wachumba. Walimfuata wengi hata ungedhani koti linasonga lenyewe. Mlinzi wa kizuizi akanyoosha mkono. "Vyeti." Nikafungua bahasha yangu kwa fahari nikampangia: pasipoti, barua ya mtemi, ndui, homa ya manjano, picha. Akazipitisha kama mtu anayetafuta sindano. "Cha malale kiko wapi?" Mimi sikuwa nacho. Katika karatasi zote za dunia, hiyo sikuitafuta, maana Misri hakuna malale. Masanja alikuwa nacho, mzee alikuwa nacho, kila mtu wa huku alikuwa nacho. Mimi nilitobolewa kidole palepale, nikakaa juu ya gogo hadi jioni nikingoja damu yangu itazamwe, huku mlinzi akiigeuzageuza pasipoti. "Misri," akasema. "Na unapitia Runzewe?"

"Nazunguka," nikamwambia.

Tulifika Nyahanga siku ya saba alasiri. Mitungi ya pombe ilikuwa imepangwa uani, Baba Mdogo amevaa shuka safi, wazee wameketi. Matanga yalikuwa kesho yake. Mama yake Masanja alikuwa amekaa mbele ya nyumba peke yake, amejifunga kilemba kikubwa kwa ajili ya nywele zilizokuwa chini yake. Masanja akapiga magoti, akamwamkia mama yake kwa Kisukuma. "Mwadila, mayu."

"Mwadila, ng'wanawane. Umefika wapi?"

"Nimerudi na mtu."

Mzee Feruzi akaketi kwenye kigoda alichopewa, mguu ameunyoosha. Baba Mdogo akaanza kusema kwamba kila mtu anaweza kujiita shahidi, kwamba watu wa Ujiji wana maneno matamu, na yule mama akamkatiza kwa kuinua mkono mmoja tu. Hakuuliza siku, hakuuliza mahali. Aliuliza, "Alikula nini mwisho?"

Wazee walitazamana. Mzee Feruzi akajikohoza. "Aliniomba matobolwa, vile viazi vyenu vikavu, na karanga, mama. Sikuwa nayo, jangwa lile, ningeyapata wapi? Nikampikia wali mlaini, nikamlisha kwa mkono. Akala tonge moja, la pili akalisukuma. Akaniambia, 'Feruzi, unanipa chakula cha ndege.'"

Yule mama akacheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, kikubwa, cha msichana, akajifunika mdomo kwa viganja viwili, na mabega yakaendelea kutikisika, na hata sisi wageni tulijua ni lini kiliacha kuwa kicheko. Wanawake wakaja wakamzunguka. Alipotulia, aliuliza kuhusu yule mwanamke. "Alileta maziwa ya ngamia mara mbili," mzee akasema. "Na alitusaidia kuchimba. Tulimfunga gunia, mama. Nisamehe."

"Mungu amlipe yule mwanamke," akasema. "Na wewe. Gunia linaziba mchanga." Kisha, bila kumgeukia Baba Mdogo, akasema kwa sauti ambayo ua wote uliisikia kwamba ataomboleza kama mke anavyoomboleza, na baada ya hapo atakaa kwa mtoto wake. Na alikaa kwa mtoto wake miaka ishirini na zaidi. Hilo nalo msitoe kitu.

Wembe ukaletwa, na bakuli la maji. Alifungua kilemba mwenyewe. Nywele zilishuka, kijivu, nzito, nikaona haya kuzitazama. Kabla dada yake hajaanza, akaniita mimi, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba mimi ndiye niliyeandika njia. "Ni mbali kiasi gani, mwanangu? Kwa miguu."

Nilifungua daftari, ukurasa huu ulio mbele yangu sasa, wenye mia mbili na kumi na tatu iliyokatwa. Kinywa changu kilikuwa na namba nyingi nzuri. Nikasoma ile ya kalamu nyekundu. "Siku sabini na moja, mama."

Nikamngoja Masanja aseme neno lake. Alikuwa amepiga magoti, ameshika bakuli la maji chini ya kichwa cha mama yake. "Ndiyo hesabu," akasema.

Yule mama alifikiri, akazihesabu kwa vidole miezi yake, miwili na kidogo. Halafu akainamisha kichwa kwenye wembe.

"Kumbe si mbali," akasema. "Ningekwenda."